Sayansi ya Kompyuta Kisiwani Mombasa: Shahada Ipo, Kazi ya Kwanza Iko Wapi?

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatangazwa, swali moja huanza kuzunguka Mombasa, kutoka barazani Kibokoni hadi ofisi za mawakala wa forodha za Moi Avenue: mtoto aliyepata C+ kwenda juu, na hisabati yake imesimama, asomeshwe kompyuta? Kuna wakati jibu lilikuwa jepesi. Siku hizi mzazi akiuliza watu watatu hurudi na majibu matatu. Wa kwanza atamwambia shahada ya sayansi ya kompyuta ndiyo elimu ya zama hizi. Wa pili atamwambia miaka minne chuoni ni kutupa ada, kwani kozi ya miezi sita inatosha. Wa tatu atamwambia akili unde imeshaimaliza kazi hiyo, mtoto aende akasome uuguzi.

Kila mmoja wao ana ushahidi wa kuonyesha, na hapo ndipo wazazi wanapochanganyikiwa. Inafaa hoja zao zitazamwe moja moja, zipimwe kwa hali ya Mombasa yenyewe.

Mkanganyiko unakotoka

Chanzo cha kwanza ni majina. Katika orodha ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kuna sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa programu, teknolojia ya habari za biashara, na hisabati iliyochanganywa na kompyuta. Nyumbani zote huitwa "kompyuta". Lakini teknolojia ya habari inashughulika na kuunganisha, kuendesha na kulinda mifumo iliyopo. Ile ya biashara inaongeza uhasibu na usimamizi. Sayansi ya kompyuta inauliza swali la ndani zaidi: tatizo hili linaweza kutatuliwa kwa hatua zinazohesabika, na kwa gharama gani ya muda na kumbukumbu ya mashine?

Mfano utasaidia. Chukua orodha ya makasha 100,000 ya bandarini, na unataka kujua kama kuna namba iliyoingizwa mara mbili. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kulinganisha kila kasha na kila jingine. Huo ni ulinganisho wa takriban mara bilioni 5. Ukianza kwa kuipanga orodha kwa namba, zinazofanana zitakaa jirani, na kuipitia mara moja kutatosha kuziona. Tena, katika orodha iliyopangwa, kasha moja utalipata kwa kuigawa orodha nusu kwa nusu, hatua zisizozidi 17. Mashine haikubadilishwa, aliyebadilika ni mtu aliyekaa akafikiri kabla ya kuandika. Kujifunza kufikiri hivyo kunapitia mantiki, seti na hesabu za uwezekano, na hapo ndipo mwaka wa kwanza huwashinda vijana wengi walioingia kwa sababu tu wanapenda kufungua simu na kuzitengeneza. Hawakukosa akili, walikosa kuambiwa mapema wanachokwenda kusoma.

Chanzo cha pili ni matumaini. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilianza 2007, jukwaa la Ushahidi likaundwa 2008, kituo cha teknolojia cha iHub kikafunguliwa Nairobi 2010. Katikati ya hayo, Juni 2009, waya wa baharini wa TEAMS kutoka Fujairah uliingia Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaupokea hapa hapa Fort Jesus. SEACOM ukafuata Julai, EASSy mwaka 2010. Watu waliona kwa macho intaneti ikishuka bei na kupanda kasi, wakaamini kazi zitafuata nyuma ya waya.

Chanzo cha tatu ni mshtuko wa mwisho wa 2022. Novemba mwaka huo Meta ilitangaza kuwaachisha kazi watu 11,000, na Januari 2023 Google ikawatoa 12,000. Katikati ya matangazo hayo mawili, tarehe 30 Novemba, ChatGPT ikafunguliwa kwa umma. Kwa kuwa mambo hayo yalifuatana, wengi waliyafunga fungu moja wakasema mashine imewafukuza watu. Sababu kubwa ya wakati ule ilikuwa nyingine: kampuni hizo ziliajiri kupita kiasi wakati wa korona, kisha riba ikapanda na fedha za bei rahisi zikakauka. Akili unde imekuja kuwa na uzito wake baadaye, na tutaufikia. Mzazi anayeamua leo kwa habari ya 2023 anaamua kwa sababu isiyo sahihi, hata kama uamuzi wenyewe huenda ukawa sawa.

Nyaya zetu, programu za wengine

Kisiwa hiki hakikuanza jana kufundisha ufundi. Mombasa Institute of Muslim Education, iliyojulikana kama MIOME, ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1951. Ikawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, Mombasa Polytechnic 1972, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha JKUAT 2007, na mwaka 2013 ikapata hadhi kamili ya Technical University of Mombasa, TUM, pale pale Tudor. Fundi wa umeme au wa mitambo aliyetoka hapo alikuwa na bandari, reli na viwanda vya Changamwe karibu yake. Mwajiri alikuwepo kabla ya mhitimu.

Kwa kompyuta mambo si hivyo. Bandari ya Mombasa ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa mifumo ya kompyuta katika pwani hii. Mwaka 2005 forodha ilianza kutumia mfumo wa Simba, na mwaka 2008 Mamlaka ya Bandari ikawasha KWATOS, mfumo wa kupanga na kufuatilia makasha uliojengwa juu ya programu ya kampuni ya Korea Kusini. Baadaye KenTrade, shirika lililoundwa 2011, likaleta dirisha moja la nyaraka za biashara. Wakala aliyezoea kutembea na faili kutoka dawati hadi dawati akawa anatuma hati akiwa amekaa ofisini. Hayo ni maendeleo, hayakanushiki. Lakini uti wa mifumo mikubwa ya aina hii hununuliwa ukiwa tayari. Linalobaki hapa ni kuiendesha, kuiunganisha, na kumpigia simu muuzaji inapokwama.

Waya wa baharini nao hautoi kazi nyingi kama watu walivyodhani. Karibu nyaya zote zinazoiunganisha Kenya na dunia zinatua Mombasa, na kituo cha data cha iColo kipo hapa, ila kituo cha aina hiyo kinaendeshwa na wahandisi wachache, kisha mawasiliano yanapanda bara. Makao makuu ya mabenki, ya Safaricom na ya kampuni za kuunda programu yako Nairobi. Microsoft ilipofungua kituo chake cha maendeleo Afrika Mashariki mwaka 2019, ilikwenda huko huko.

Mimi naona huu ndio mzizi wa tatizo kuliko ubora wa vyuo unaolalamikiwa kila siku. Mombasa ina wahitimu, ina mitambo, ina matatizo ya kutatuliwa. Ilichokosa ni sehemu za kutosha ambapo mhitimu mpya anakaa na mtu aliyemzidi uzoefu, wakiunda kitu kuanzia mwanzo.

Hoja ya shahada

Nguvu ya shahada ni mbili. Ya kwanza ni kina chenyewe: lugha za kuandikia programu hubadilika, ila namna ya kupanga orodha ya makasha, namna hifadhidata inavyolinda taarifa umeme ukikatika katikati ya kazi, au namna ujumbe unavyosafiri mtandaoni, hayo yamekaa miongo kadhaa na yatakaa. Ya pili ni lango. Ajira za serikali, mashirika ya umma, nafasi za masomo ya juu na vibali vingi vya kazi nje ya nchi vinauliza cheti kabla ya kuuliza ujuzi. Mtu anaweza kulichukia lango hilo, lakini lipo.

Udhaifu wake nao si mdogo. Mitaala hupita kamati nyingi kabla ya kubadilishwa. Darasa likiwa kubwa, mhadhiri hana nafasi ya kusoma programu ya kila mwanafunzi mstari kwa mstari, na bila kusahihishwa hivyo mtu hajifunzi kuandika vizuri. Halafu kuna atachimenti. Kwenye karatasi ni miezi ya mafunzo kazini; kwa wengi ni kuingiza data, kubadilisha wino wa printa na kupanda ngazi kumwashia bosi mtandao. Kijana anarudi na barua iliyopigwa muhuri, hakugusa hata mstari mmoja wa programu inayotumika kweli. Akimaliza chuo, anajikuta saiba akiwajazia watu fomu za kodi za KRA na za huduma za serikali kwenye eCitizen. Hiyo ni kazi halali inayowasaidia watu, ila haikuhitaji miaka minne ya chuo kikuu.

Hoja ya kozi fupi

Wanaotetea kozi fupi na kujisomea mwenyewe wana jambo la maana: sheria haimzuii mtu. Mswada wa wataalamu wa TEHAMA, uliotaka watu wasajiliwe na kupewa leseni kila mwaka, ulipita bungeni 2022 na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Mpaka leo anayeweza kuunda tovuti au mfumo wa duka anaruhusiwa kuuza kazi yake bila kuulizwa alisoma wapi. Kwa kijana ambaye familia haina ada ya miaka minne, au aliyepata chini ya C+, njia hii imefungua riziki ya kweli. Na mahali pa kujifunzia papo: Swahilipot Hub, kituo kilichoanzishwa 2016 na Mahmoud Noor jirani na Fort Jesus, kimewakusanya vijana wa teknolojia na wa sanaa chini ya paa moja, jambo ambalo chuo hakilifanyi.

Lakini angalia kazi inayoonekana rahisi kuliko zote: duka la soko la Marikiti linataka malipo ya M-Pesa yaingie moja kwa moja kwenye hesabu zake. Safaricom imetoa mlango wa kuunganishia, unaitwa Daraja. Aliyesoma miezi mitatu ataufungua kwa siku mbili: mteja analipa, ujumbe wa uthibitisho unakuja, hesabu inaongezeka. Sasa mtandao utetereke kidogo, na ujumbe ule ule ufike mara mbili. Je, duka litahesabu malipo mawili? Au usifike kabisa, mteja ameshakatwa pesa, amesimama mbele ya kaunta akionyesha simu, na kompyuta inasema hajalipa. Anayejua kazi huhifadhi namba ya kila muamala na kukataa kuuandika mara ya pili, tena huweka utaratibu wa kuuliza upya hali ya malipo yasiyojibiwa. Mambo hayo yanaweza kujifunzwa nje ya chuo, bila shaka. Kozi inayokimbilia kuonyesha kitu kinachong'aa ndani ya wiki kumi na mbili ndiyo huyaruka.

Na soko limeshatoa hukumu yake mara moja. Kampuni ya Andela ilianza Lagos 2014, ikaja Nairobi 2015, ikiwachukua vijana wenye vipaji na kuwafunza huku ikiwaunganisha na kampuni za Marekani. Septemba 2019 iliwapunguza mamia ya wanaoanza katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikaeleza wazi kwamba wateja wanataka wenye uzoefu. Hawakuwa wavivu wala hawakukosa ujuzi. Walikuwa wengi kwenye ngazi ambayo haina wanunuzi.

Hoja ya kuiacha fani kabisa

Hoja ya akili unde ndiyo mpya, na inawatisha wazazi kuliko zote. Haifai kuipuuza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka Agosti 2025 ulionyesha kwamba nchini Marekani ajira za waunda programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zimeshuka kwa karibu asilimia 20 tangu kilele cha mwisho wa 2022, huku wenye umri mkubwa wakibaki imara. Takwimu hizo ni za Marekani, na hazithibitishi kwamba akili unde pekee ndiyo sababu. Mwelekeo wake hata hivyo unaeleweka kwa akili ya kawaida: vipande vidogo vya programu alivyokuwa akipewa mgeni kazini, ili ajifunze, sasa mashine huviandika kwa sekunde chache.

Upande wa pili wa akili unde Kenya imeuonja pia. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kuchuja maandishi machafu kwa ajili ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hiyo kumwambia kijana "akili unde italeta kazi" bila kusema kazi gani ni kumdanganya.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inachanganya kuandika na kujua. Mashine itaandika kipande cha kupokea malipo. Haitajua kwamba duka lile la Marikiti lina wenye hisa wawili ambao kila mmoja anataka hesabu yake. Haitabeba lawama mzigo ukizuiwa bandarini kwa sababu mfumo umesoma hati vibaya. Tena mifumo inavyozidi ndivyo mashambulizi yanavyozidi: Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na huduma zikakwama nchi nzima. Mapema 2024 nyaya zilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei EASSy na SEACOM zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya Kenya ikazorota. Wakati kama huo anatakiwa mtu anayejua kuyageuza mawasiliano yapite njia nyingine, na usiku ule ule. Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo imezilazimu hospitali, shule na hoteli kujua taarifa za watu zimehifadhiwa wapi na nani anazifikia. Kazi hizi hazikupungua.

Kukaa au kuondoka

Kwa familia nyingi za Mji wa Kale swali la kozi huwa pia ni swali la mahali. Binti anayesoma TUM analala kwao. Tudor ni safari fupi ya matatu au tuktuk. Akipelekwa Nairobi kuna kodi, kuna chakula, kuna wasiwasi wa wazazi, na wapo mabinti wenye vichwa vya hisabati walioishia kozi nyingine kwa sababu hiyo tu. Nairobi inampa mwanafunzi ukaribu na waajiri tangu mwaka wa pili. Ghuba inalipa vizuri, ila inachukua aliyekwisha kuiva. Kazi za mbali, mtu akiwa kwao na mwajiri yuko Dubai au Berlin, zinafaa sana kwa pwani hii kwa kuwa saa zetu zinakaribiana, tofauti ya saa moja au mbili. Nazo zinauliza uzoefu. Kila njia inaishia kwenye kizuizi kile kile.

Kupima

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia hapa ni kimoja: njia ipi inamfikisha mtu kwenye kazi ya kwanza chini ya mtu aliyemzidi? Mchonga milango wa Mji wa Kale hakupewa cheti kwanza ndipo akatafutiwa ubao. Alianza kwa kupiga msasa karibu na fundi wake, kazi mbaya ikirudishwa mbele ya macho yake.

Kwa mwenye hisabati nzuri, naona shahada ya sayansi ya kompyuta bado inashinda, na inashinda zaidi sasa, kwa sababu vipande vyepesi vimechukuliwa na mashine na kina ndicho kilichobaki na bei. Sharti lake ni kwamba asingojee mwaka wa nne. Tangu mwaka wa pili awe na mfumo mmoja unaotumiwa na watu wa kweli, hata kama ni wa madrasa au wa duka la ami yake, autunze ukiharibika na aandike kila hitilafu aliyoitengeneza. Kozi fupi ziwe nyongeza ya hilo. Kwa anayependa kuendesha mitambo kuliko kutafakari, teknolojia ya habari, hata kwa diploma, inalingana na kazi za Mombasa kuliko sayansi yenyewe, na hakuna aibu ndani yake. Aliyelazimishwa na jina la kozi aruhusiwe kuhama mapema, kabla ada ya mwaka wa tatu haijalipwa.

Hata hivyo bidii ya mwanafunzi haiwezi kuumba mwajiri. Hapo jukumu ni la wanaonunua mifumo: bandari, forodha, kaunti, hospitali kubwa, hoteli. Mkataba wa kununua mfumo mkubwa huandikwa kwa kurasa nyingi kuhusu mitambo, leseni na muda wa matengenezo. Ungeweza kuwa na kifungu kimoja zaidi: kwamba wahitimu wa hapa, kwa idadi iliyotajwa na kwa mshahara, watakaa na wahandisi wa muuzaji tangu siku ya kufunga mfumo hadi mwisho wa kipindi cha matengenezo, wakisoma programu yenyewe, wakirekebisha hitilafu kwa mikono yao na kazi yao ikisahihishwa. Gharama yake ikilinganishwa na bei ya mfumo ni ndogo. Vyuo navyo viache kuhesabu barua za atachimenti, vianze kuuliza mwanafunzi aliandika nini na nani aliisoma kazi yake. Na mzazi anayechagua kati ya vyuo viwili, kabla ya kuuliza ada, aulize hilo hilo: waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo, na ni nani aliyewashika mkono kazini mwaka wao wa kwanza?